Namna ya kuwakumbuka wapagazi wa vita vya Mjerumani

Usianze na majenerali. Anza na mtu mmoja wa ukoo wenu aliyechukuliwa kubebea jeshi mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hata kama unachokijua ni jina lake tu.

Mimi nilianza na baba yake bibi yangu, na nilianza vibaya. Nilikwenda Muheza na daftari langu jipya, nikakaa kwenye kigoda kama mkaguzi wa shule, nikauliza: "Bibi, unakumbuka nini kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia?" Bibi aliendelea kupepeta mchele. "Vya dunia sivijui, mjukuu wangu." Nikafunga daftari. Usiku tunakula, akasema bila kuulizwa kwamba babake aliporudi kutoka kariakoo hakutaka tena kusikia harufu ya unga usioiva, na mama yake alikuwa akisonga ugali mpaka mkono ukamuuma ndipo mzee ale.

Basi tumia maneno ya wenyewe. Uliza vita vya Mjerumani. Uliza kariakoo, maana ndivyo watu walivyolitamka jina la kikosi cha wapagazi cha Mwingereza, Carrier Corps. Soko la Dar es Salaam limelirithi jina hilo, na Nairobi wana Kariokor yao. Uliza nani alikuwa keya, yaani askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika, nani askari wa Mjerumani, nani rugaruga, wale wapiganaji wasio wa jeshi rasmi. Kisha uliza vitu vidogo: alibeba nini, alikula nini, alilala wapi mvua ikinyesha, aliondoka na nani, katika hao nani hakurudi. Swali hili la mwisho ndilo lenye mali. Bibi alinitajia watu wanne kwa pumzi moja, na wawili kati yao sijawaona kwenye maandishi yoyote.

Andika kama linavyosemwa, na usisahihishe mbele ya msimulizi. Rudi tena baada ya wiki mbili.

Wazee hawakupi mwaka, wanakupa tukio. Kazi yako ni kuwa na vigingi vya kutundikia matukio hayo. Huku kwetu kigingi cha kwanza ni mapigano ya Tanga, Novemba 1914, meli za Mwingereza ziliposhusha jeshi la watu 8,000 hivi kutoka India, likashindwa na Wajerumani na askari wao waliokuwa karibu 1,000. Cha pili ni Julai 1916, Mwingereza alipoingia Tanga. Cha tatu ni mvua kubwa za 1917, Rufiji ilipofurika. Kisha mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, Oktoba 1917, na homa ya mafua ya 1918. Bibi alisema babake alimbebea Mjerumani mwanzo, halafu Mwingereza akamkamata na kumpeleka kwa meli hadi Kilwa, na kwamba "mwaka ule mto ulimeza nchi". Nikajua yuko 1917, bila yeye kutaja hata tarakimu moja.

Habari zikigongana, ziandike zote mbili. Tanga kila mtu ana hadithi ya nyuki. Kwamba nyuki waliwashambulia wanajeshi vitani ni kweli, na waliwauma wa pande zote mbili. Kwamba Wajerumani waliwafuga na kuwategesha makusudi ni porojo, ila ni porojo ya zamani na inapendwa, nami naiweka kwenye ukurasa wake na kuandika juu yake: wasemavyo watu.

Ukiweza, tembea. Sisi huanzia Ras Kasone, waliposhuka wanajeshi, tukaelekea mjini kwa miguu. Wape watoto mzigo. Mpagazi alikuwa akibeba kilo 25 hivi, siku baada ya siku, kwa hiyo chukua ndoo ya lita 20 iliyojaa maji na kidumu cha lita 5 juu yake. Hakuna mwanafunzi wangu aliyefika mbali bila kupokewa, na hao walikuwa wameshiba chai na maandazi. Baada ya hapo huna haja ya kueleza kwa nini wapagazi wapatao 95,000 hadi 100,000 wa upande wa Mwingereza peke yake wanakadiriwa kufa, wengi wao kwa kuhara damu na malaria, si kwa risasi.

Usitegemee mawe. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni nzuri, lakini haina jina la mtu wa kwenu. Tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo orodha utaiandika wewe. Weka jina, la babake, kijiji, alichukuliwa na nani, alirudi au hakurudi, na nani amesimulia. Jina likikosekana andika "mdogo wake fulani". Usiliache tupu, na usilibuni.

Siku yenyewe sisi tunaifanya tarehe 25 Novemba. Tarehe 11 ni ya Ulaya; huku vita viliendelea, na von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani, alisalimisha silaha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Tunakaa chini ya mwembe, kila jina linasomwa na mtu wa nyumba yake, wa Mwingereza na wa Mjerumani pamoja. Mwaka wa kwanza mzee mmoja aligoma rugaruga asisomwe, kwa sababu alipora mbuzi wa babu yake. Ubishi ulikuwa mkali hadi chai ikapoa. Tukakubaliana asomwe, na mbuzi asomwe pia. Tangu hapo ndiyo sehemu ambayo watoto huisubiri.

La mwisho ni la kazi tu. Daftari langu la kwanza, lile la Muheza, lililiwa na mchwa kabatini, na bibi alikuwa ameshafariki. Kurasa zilizopona ni sita, zile nilizokuwa nimezipiga picha kwa simu ili nimwonyeshe mama. Piga picha kila ukurasa siku hiyohiyo, kabla hujapanda basi.