Jinsi ya kuokoa kaseti ya video ya kwenu kisiwani na kuitazama na wazee kabla majina hayajapotea

Mi nakaa Moshi, Pasua, ila kwetu ni Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Baba alikuja huku kikazi tukazaliwa huku, watoto wangu ndo kabisa wanajua mlima tu, ziwa wameliona mara mbili. Sasa kwenye sanduku la bati la marehemu baba tulikuta kaseti moja ya VHS imeandikwa kwa bik "NYUMBANI 94". Baba mdogo alirudi na kamera Desemba ile akapiga kila kitu, mwalo (ufukwe wanaposhushia samaki), mashamba, bibi anaanika muhogo, watoto wanaruka majini. Naandika hapa nilivyofanya na nilipokosea, maana najua kuna familia nyingi Moshi na Arusha zina kaseti za namna hii zimelala chini ya kabati, iwe ni za Ukara, Mafia, Pemba, popote.

Cha kwanza usiiweke kwenye deki. Najua una hamu, ila subiri. Fungua kile kifuniko cha mbele uangalie mkanda, kisha angalia kwenye vioo vidogo juu ya kaseti, ukiona unga mweupe kwenye roli ujue ni ukungu. Kaseti yenye ukungu ikiingia kwenye deki inachafua hedi, kile kichwa kinachosoma mkanda, na deki ikishachafuka inaambukiza kaseti zingine zote, hiyo mpelekee fundi aisafishe kwanza. Kama ni safi, geuza nyuma utaona kilimi kidogo cha plastiki kwenye kona, kivunje. Kikishavunjika hakuna mtu anaweza kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Sisi tulipoteza dakika kama 20 za mwanzo kwasababu mtu alirekodi mpira juu yake zamani hizo, na kilimi kilikuwepo kizima. Inaniuma mpaka leo.

Deki utapata kwa mafundi redio, ulizia Mbuyuni, Memorial, au kwa waliokuwa na vibanda vya video miaka ya 90, wengi hawajazitupa. Ijaribu na kaseti usiyoijali. Ikicheza vizuri bila kula mkanda, ndo weka yako, ipeleke mbele mpaka mwisho halafu irudishe mpaka mwanzo bila kuitazama, hapo mkanda unajinyoosha na kukaa sawa kwenye roli. Umeme ukikatika katikati usiivute kaseti kwa nguvu, iache ilivyo mpaka umeme urudi. Ukikuta reli ya filamu, ile yenye vitobo pembeni, hiyo habari nyingine, usiipitishe kwenye projekta ya zamani, ishike kwa kingo tu na utafute wenye mashine ya kuiskani.

Kuhamisha kwenda kwenye laptop unahitaji kile kidude cha USB chenye tundu tatu, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti. Programu ya OBS inatosha na ni ya bure. Weka mfumo wa picha wa PAL, maana kaseti zetu nyingi ni PAL, ila kama ndugu alikuwa Marekani inawezekana ni NTSC na picha itakuja bila rangi au inaruka ruka. Usiivute picha ijaze skrini pana, watu watakuwa wanene kuliko walivyokuwa, iache na umbo lake la mraba mraba. Na ujue hakuna njia ya mkato, kaseti ya saa 3 inachukua saa 3, kaa hapo hapo uangalie. Rekodi yote, hata sehemu inayoonyesha ardhi tu kwasababu mpigaji alisahau kuzima. Sehemu hiyo kwetu ndo tulisikia baba akimwambia mdogo wake apunguze kurekodi mawe arekodi watu.

Sauti, jamani, sauti msiiguse. Kabla sijajifunza haya nilipeleka kaseti studio moja mjini wakanirudishia flashi yenye muziki wa gospo mwanzo mwisho, sauti yote ya pale imefutwa, eti imependeza. Mpiga kamera huwa haonekani kwenye video yake mwenyewe, kilichobaki cha baba mdogo ni ile sauti nyuma ya kamera anasema "sogea kidogo mama, hivyo hivyo". Ukiweka muziki juu umemfuta. Nashukuru kaseti yenyewe ilirudi nzima nikaanza upya.

Ukimaliza weka kopi tatu, moja kwenye laptop, moja kwenye hard disk, moja kwa ndugu wa mkoa mwingine. Kwenye WhatsApp itume kama dokumenti, ukiituma kama video inabanwa mpaka sura zinakuwa ukungu. Na usiirushe mitandaoni kwanza, kuna watoto wanaoga uchi ziwani mle ambao leo ni watu wazima wana kazi zao, waulizwe.

Haya yote ni rahisi. Kazi yenyewe ni kukaa na wazee. Video bila majina baada ya miaka 20 ni video ya watu usiowajua, na majina yapo kichwani mwa watu wawili watatu tu. Kwetu ni shangazi. Nikamfuata Arusha, Kaloleni anakokaa na binti yake, nikampigia magoti shikamoo, nikamwambia shangazi nimekuletea nyumbani.

Mara ya kwanza mwache aangalie tu. Usiulize, usisimamishe, usirekodi. Atalia au atacheka au atanyamaza, zote sawa. Pia mwambie mapema kama unajua kuna marehemu wa karibu mle ndani. Mwenzangu mmoja kwao Ukara, video yao ina vijana wanashusha mizigo kwenye mtumbwi, na baadhi yao walikuwa ndani ya kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018 karibu na gati la Bwisya. Mama yao hakuambiwa, akakutana nao ghafla kwenye tivii. Usifanye hivyo kwa mzee wako, muulize kama anataka, na kama hataki leo basi.

Siku ya pili ndo unakuja na simu, iweke irekodi sauti mezani, na daftari. Simamisha picha kila penye sura na andika muda, mfano 0:41:10, kuanzia kushoto kwenda kulia. Usiulize "unakumbuka nini", hilo swali linamchosha mtu, atakwambia mambo mengi mwanangu kisha ananyamaza. Uliza kitu kinachoonekana. Hilo karai la nani? Huo mlango unaangalia wapi? Mi niliuliza kuhusu karabai iliyoning'inia kwenye mtumbwi, nikapata nusu saa nzima, jinsi walivyokuwa wanavua dagaa usiku usio na mbalamwezi, taa zinapangwa ziwani mpaka unadhani kuna mji kule, na asubuhi wanawake wanamwaga dagaa mchangani kukauka huku wanafukuza kunguru. Siku hizi taa ni za betri na sola, shangazi anasema hata harufu ya mwalo imebadilika, hakuna mafuta ya taa.

Akianza kuongea Kikerewe usimkatishe arudi Kiswahili, utatafuta wa kutafsiri baadae. Akikosea mwaka usimsahihishe hapo hapo, vitu vya kwenye picha vitakusaidia kupanga mwenyewe. Tarehe iliyoandikwa kwenye kona ya video usiiamini moja kwa moja, wengi hawakuwahi kuset saa ya kamera. Angalia gugumaji, liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 80 na miaka ya 90 likajaa, kwahiyo ukiliona limeziba mwalo unajua uko miaka ipi. Fulana za kampeni ya 1995, jina la khanga, noti mtu anayohesabu. Hata samaki. Shangazi aliona sangara mkubwa kabebwa begani akasema utoto wake huyo hakuwepo, walikula furu na ningu, sangara alikuja kuwekwa ziwani na miaka ya 80 ndo akajaa, furu zikapotea nyingi. Alitaja aina za furu kwa majina ya nyumbani, nikaandika zote kama nilivyosikia.

Tazama na pembeni mwa picha pia. Katikati kuna bibi arusi, ila pembeni kuna mtu anakamua ng'ombe, kuna mchungwa ambao leo haupo, kuna nyumba ya nyasi ambayo mzee ataipitia chumba kwa chumba ukimpa karatasi achore. Na saa moja na nusu inatosha kwa siku, akichoka anaanza kukubali kila unachosema, majina yatakuwa ya uongo.

Sisi mpaka sasa tumepata majina 63. Amebaki msichana wa gauni la njano, 1:12:35, amembeba mdogo wangu mgongoni na anaonekana kumpenda sana. Shangazi hamjui, anasema atajua binamu yake aliyeko Ilangala, haoni vizuri ila akisikia sauti atajua. Flashi nimeshaifunga na barua, inaondoka na basi la Mwanza Ijumaa.