SOMO: Piga hesabu mwenyewe ujue galaksi iko mbali kiasi gani, afu uone nishati giza inaingilia wapi

Wadau habari za jioni. Nishati giza, yani kile kinachosukuma ulimwengu utanuke kwa kasi zaidi na zaidi, watu wanaichukulia kama kitu cha kuamini tu, wakati hesabu ya mwanzo unaipiga na kalkuleta ya simu hata ukiwa umesimama kwenye daladala la Mbagala. Twende.

Hatua ya 1: Hidrojeni ina mstari mwekundu wa nanomita 656.3. Tuseme kwenye spektra (mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi) ya galaksi yako umeukuta kwenye 669.4. Toa, unabaki na 13.1.

Hatua ya 2: Gawanya kwa 656.3, inakuja kama 0.02. Hiyo ndo redishifti, yani mwanga umevutika kiasi gani kuelekea upande mwekundu.

Hatua ya 3: Zidisha kwa 300,000, spidi ya mwanga. Yani inatukimbia kilomita 6,000 kila sekunde!

Hatua ya 4: Gawanya kwa 70, unapata umbali kwa megaparsek (kipimo cha wanaastronomia), afu zidisha kwa 3.26 uugeuze kuwa mamilioni ya miaka ya nuru, yani umbali mwanga unaosafiri kwa mwaka. Miaka ya nuru milioni 280 hivi. Hiyo 70 inaitwa namba ya Hubble, ndo kipimo cha kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, na mpaka leo wataalamu wanavutana, wengine wanapata 67 wengine 73.

Sasa patamu ni hapa. Kwa galaksi za mbali sana inabidi umbali uupime kivingine, ndo 1998 timu mbili, ya Perlmutter na ya Schmidt na Riess, zikatumia supanova (nyota zinazolipuka) za aina ya Ia, ambazo ni kama taa za Morogoro Road zenye wati sawa, inayofifia zaidi ndo iko mbali zaidi. Wakakuta zimefifia kuliko ilivyotegemewa. Mvutano ulitakiwa upunguze kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, kumbe kasi inaongezeka! Kinachosukuma ndo tunakiita nishati giza, karibu asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni. Wakapewa Nobel 2011.

MASWALI

– Mkuu, kwa hiyo Dar na Moro nazo zinaachana?
– Hapana kaka. Dunia imeshikwa na mvutano wake, hata galaksi yetu nzima haitanuki. Ni nafasi kati ya makundi ya galaksi.

– Mbona Andromeda inakuja huku kwetu?
– Swali zuri dada. Ni jirani, miaka ya nuru milioni 2.5 tu, mvutano unashinda.

– Spektra tunazitoa wapi?
– Ingia SDSS, mradi wa kupima anga wenye data mtandaoni, ni bure. Anza na zenye redishifti chini ya 0.1, juu ya hapo hatua ya 3 inaanza kukupoteza.