Kompyuta isijishushie Windows mpya kwa bando lako

Mteja akiniletea kompyuta na kuniambia "fundi, hii mashine inakula bando peke yake", sianzi na kutafuta virusi. Nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, naandika winver, nabonyeza Enter. Kinatokea kidirisha kidogo kinachotaja toleo la mfumo. Kwa mashine nyingi zinazopita mezani kwangu hapa Tanga, zile zilizotumika Ulaya kwanza kisha zikaja kuuzwa kwetu, jibu huwa Windows 10, toleo 22H2. Hilo ndilo toleo la mwisho la Windows 10, hakuna jingine lililotoka baada yake. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo ikianza kuzungumzia mfumo mpya, inazungumzia Windows 11.

Sina ugomvi na Windows 11. Ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na kwenye mashine inayoiweza inafanya kazi vizuri. Ninachokitetea ni haki ya mwenye kompyuta kuchagua siku, saa na bando. Mwalimu aliye katikati ya kusajili watahiniwa, au mama mwenye duka la steshenari ambaye printa yake ni ya zamani na draiva yake, ile programu inayoiunganisha na kompyuta, ilipatikana kwa tabu, hapaswi kuwasha mashine asubuhi akakuta mambo yamebadilika. Na mfumo mzima ni GB kadhaa. Kwa anayenunua bando la siku, hiyo ni hela ya mboga.

Jambo lenyewe si geni. Windows 10 ilipotoka tarehe 29 Julai 2015, ilitolewa bure kwa mwaka mmoja kwa wenye Windows 7 na 8.1, na kompyuta nyingi zilishushiwa mafaili yake, hadi GB 6, hata kama mwenyewe hakuomba. Mwaka 2016 walinzi wa wanyamapori wa mradi wa Chinko, Jamhuri ya Afrika ya Kati, walijikuta mashine zao zikishusha mfumo huo kupitia intaneti ya setilaiti, ambayo ni ghali na ndiyo waliyoitegemea kuwasiliana na wenzao walioko porini wakipambana na majangili. Mwaka huohuo mwanamke mmoja wa Kalifornia mwenye wakala wa usafiri alilipwa dola 10,000 baada ya kuishinda Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, kwenye kesi kuhusu kompyuta yake ya kazi iliyoharibikiwa na mfumo uliojiweka. Nawataja kwa sababu wateja wangu wengine huona aibu, wakidhani wao ndio wasiojua kompyuta.

Kabla hujagusa kitu, tofautisha mambo mawili. Kuna masasisho ya usalama, yanayotoka kila mwezi, Jumanne ya pili, kuziba matundu ambayo wezi wangeingilia. Halafu kuna kupandishwa toleo, yaani mfumo mzima kubadilishwa. Tunachozuia ni hili la pili. Mafundi wengi mitaani wanafanya njia ya mkato: wanafungua services.msc, wanaizima huduma ya Windows Update yote, wanachukua hela yao. Siifanyi na nakusihi usikubali ufanyiwe. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya watu duniani kote na kuvuruga hospitali za Uingereza, na dawa yake ilikuwa imeshatolewa tangu Machi. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuipokea. Isitoshe, Windows ina huduma nyingine ndani yake ambayo kazi yake ni kuirekebisha Windows Update ikikuta imevurugwa, kwa hiyo mara nyingi utakuta uliyoizima imejiwasha.

Sasa tuanze na bando, kwa kuwa ndipo maumivu yalipo. Fungua Settings, ingia Network & Internet, kisha Wi-Fi, kisha Manage known networks. Chagua jina la hotspot ya simu yako, bonyeza Properties, shuka hadi kwenye swichi iliyoandikwa "Set as metered connection" na uiwashe. Hapo umeiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, na yenyewe itaacha kushusha mizigo mikubwa bila kukuuliza. Yale machache inayoyaona ya lazima sana bado yanaweza kupita. Kisha rudi Settings, ingia Update & Security, Windows Update, Advanced options, na uhakikishe "Download updates over metered connections" imezimwa. Ikiwa imewashwa, ile swichi ya kwanza haikusaidii kwa masasisho.

Hapa kuna mtego ambao nimeuona kwa watu wengi, tena makini. Swichi ile inakumbukwa kwa mtandao mmoja mmoja. Ukibadilisha jina la hotspot, ukinunua simu nyingine, au ukaazima hotspot ya jirani, kwa kompyuta huo ni mtandao mpya usio na kikomo. Na ukichomeka simu kwa waya wa USB badala ya kutumia Wi-Fi, kompyuta haioni Wi-Fi kabisa, inaona Ethernet. Mama mmoja mwenye duka la kutoa kopi alikuwa ameweka kila kitu sawa upande wa Wi-Fi, lakini siku umeme ukikatika alikuwa anachomeka simu kwa waya ili ichajiwe na kompyuta huku akipata intaneti, na siku hizo ndizo bando lilikuwa likiyeyuka. Nilimwambia, "Mama, nenda Settings, Network & Internet, Ethernet, bonyeza mtandao wenyewe, utaikuta swichi ileile." Tukaiwasha na huko pia. Kama hujui ni nini kinachokula, sehemu hiyohiyo ya Network & Internet ina Data usage, inayoonyesha kila programu imetumia kiasi gani.

Ukiwa hapo, zima na Delivery Optimization, iliyoko Update & Security. Swichi yake inasema "Allow downloads from other PCs". Ikiwashwa, mashine yako inaweza kugawa vipande vya masasisho kwa kompyuta nyingine, za ndani ya mtandao wako au hata za nje ikiwa umechagua hivyo. Kwenye ofisi yenye kompyuta nyingi na ruta moja, kugawana kwa ndani kuna faida. Kwa mwenye mashine moja na hotspot, sioni sababu.

Hayo yote yanaahirisha tu. Kufuli lenyewe ni kuieleza Windows ibaki toleo gani. Kama winver imekuonyesha kwamba una Pro, bonyeza tena Windows na R, andika gpedit.msc, ufungue ukurasa wa kanuni za Windows. Upande wa kushoto fuata Computer Configuration, Administrative Templates, Windows Components, Windows Update, Windows Update for Business. Upande wa kulia fungua "Select the target Feature Update version". Chagua Enabled. Kuna visanduku viwili: cha juu andika Windows 10, cha chini andika 22H2. Bonyeza OK.

Windows ya Home haina gpedit, hapo tunapita kwenye rejista, yaani daftari ambamo Windows huhifadhi mipangilio yake. Andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, bonyeza kulia, chagua "Run as administrator", kisha ingiza amri hizi tatu, moja baada ya nyingine, kila moja kwa mstari mmoja:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v ProductVersion /t REG_SZ /d "Windows 10" /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersion /t REG_DWORD /d 1 /f

reg add "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersionInfo /t REG_SZ /d 22H2 /f

Kila amri ikikubali utaona maneno "The operation completed successfully". Ukiona "Access is denied", hukufungua cmd kwa haki za msimamizi. Funga, uanze upya. Chunga alama za kunukuu: ukinakili amri kutoka WhatsApp mara nyingine zinageuka kuwa zile zilizopinda, na amri inakataa. Ziandike kwa mkono. Ukimaliza, zima mashine na uiwashe.

Baada ya hapo fungua ukurasa wa Windows Update. Juu kutakuwa na mstari unaosema baadhi ya mipangilio inasimamiwa na "your organization". Wateja wananipigia simu usiku kwa ajili ya mstari huo, wakihofia kompyuta imetekwa. Haijatekwa. Windows inadhani umeajiriwa mahali penye idara ya kompyuta, kwa kuwa kufuli hili lilitengenezwa kwa ajili ya ofisi kubwa. Kufuli hili halizuii masasisho ya usalama.

Wengine wanapitia BIOS, mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na kuzima TPM, ile chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, ili mashine ionekane haifai. Ni kweli ofa inakoma, lakini kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha mafaili, ukiwasha tena unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Asiyeuhifadhi hataona picha zake wala hesabu zake. Usicheze hapo.

Na kama mafaili yameshashuka? Bado hujachelewa. Bonyeza Windows na R, andika cleanmgr, chagua diski C, kisha bonyeza "Clean up system files". Ikiwepo "Temporary Windows installation files", itie alama uifute. Hiyo ndiyo folda iliyofichwa iitwayo $WINDOWS.~BT, na kwenye mashine yenye diski ya GB 128 utaona nafasi ikirudi. Mabaki ya masasisho mengine yako C:\Windows\SoftwareDistribution\Download. Kabla ya kuifuta, simamisha huduma za masasisho kwa amri mbili kwenye cmd uliyoifungua kwa haki za msimamizi, net stop wuauserv na net stop bits, futa vilivyomo ndani ya folda hiyo, kisha uziwashe tena kwa net start wuauserv na net start bits. Usisahau kuziwasha.

Mara nyingine hakuna kilichojishusha. Inatokea skrini nzima inayokukaribisha Windows 11, kitufe kikubwa ni cha kukubali na cha kukataa kimeandikwa kwa maandishi madogo, huku mtoto au msaidizi wa duka ndiye aliyekaa mbele ya mashine. Wafundishe wanaotumia kompyuta yako wasome kabla ya kubonyeza, na watafute maneno ya kubaki na Windows 10. Aliyekwisha kubonyeza na mfumo ukabadilika ana siku 10 za kurudi nyuma: Settings, System, Recovery, Go back. Zikipita, mafaili ya mfumo wa zamani hufutwa na kurudi kunahitaji kupiga Windows upya.

Sitakuficha upande wa pili wa jambo hili. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Anayebaki humo anapaswa kujiandikisha kwenye mpango wa ESU, unaoendeleza masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kujiunga kunataka uwe na toleo 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30, au usilipe kitu ukikubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Kiungo chake, kikiwepo, kiko kwenye ukurasa uleule wa Windows Update. Kubaki na Windows 10 bila ESU, huku unafanya miamala ya benki kwenye mashine hiyo, mimi sikushauri hata kidogo.

Aliyekwisha kuhamia Windows 11 naye kufuli linamhusu, maana matoleo yake hubadilika karibu kila mwaka, na mashine ya Home au Pro isiyosimamiwa na ofisi hupandishwa yenyewe toleo lake likikaribia mwisho wa huduma. Amri ni zilezile, ila ProductVersion inakuwa "Windows 11" na toleo ni lile ambalo winver imekuonyesha. Usilifunge toleo lililokwisha muda.

Siku ukiamua mwenyewe kupanda, labda umepata intaneti ya waya ya ofisini na umeshanakili kazi zako kwenye diski ya nje, kufuli linafunguliwa hivi. Kwenye Pro, rudi gpedit, weka "Not Configured". Kwenye Home, fungua cmd kama mwanzo na uandike:

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate" /v TargetReleaseVersion /f

Rudia amri hiyo kwa ProductVersion na TargetReleaseVersionInfo, zima uwashe mashine, kisha nenda Windows Update na ubonyeze "Check for updates".