Jinsi ya kutumia "out of the blue" kwenye sentensi, usiishie kujua kwamba ni "ghafla"

Mwezi wa kumi mpwa wangu kaja na daftari lake la Kiingereza, yuko fomu thrii hapa hapa Mikindani, kanikuta barazani nachagua korosho, nzima huku mbovu kule, kabla sijazipeleka ghalani. Akaniambia mjomba, mwalimu katuambia tutunge sentensi tano za "out of the blue", nimetunga zote tano na zote kanikosesha. Nikasoma ya kwanza, "The driver stopped out of the blue because of a goat". Sarufi haina shida, spelingi iko safi, ila ndo imekosewa kweli, na nataka niieleze taratibu maana watu wengi sana wanaikariri hii nahau kwamba maana yake ni ghafla, basi, wanafunga daftari.

Shida iko kwenye hilo hilo neno letu la ghafla, linafanya kazi mbili. Dereva kaona mbuzi kafunga breki, hiyo ni ghafla ya mwendo, kitu kimefanyika haraka, na sababu unaiona pale barabarani. Kwa Kiingereza hapo ni "suddenly". Alafu kuna ghafla nyingine, ile ya habari inakukuta huna hili wala lile, hamna aliyekudokeza wala dalili uliyoiona. Hii ya pili ndo "out of the blue", hata kama jambo lenyewe limekuja polepole.

Ukiijua picha yake hutakosea tena. Hiyo "blue" ni anga, anga jeupe kabisa kama la mwezi wa saba huku kwetu, hamna hata kiwingu. Na nahau ndugu yake ni "a bolt from the blue", sasa hapo "bolt" sio bolti ya kufungia na spana, ni radi. Kwahiyo ni radi inapiga na jua linawaka. Ni usemi wa siku nyingi, mwaka 1837 Thomas Carlyle alishautumia akisimulia watu walivyokuwa wanakamatwa wakati wa mapinduzi ya Ufaransa. Masika wingu likijikusanya, upepo ukabadilika, kina mama wakaanza kuanua nguo, radi ikipiga utashtuka ila huwezi kusema hukutegemea. Ndo maana mi nawafundisha kujiuliza swali moja tu kabla ya kuandika: wingu lilikuwepo?

Chukua kimbunga Kenneth, Aprili 2019. Mtu anaandika "Cyclone Kenneth came out of the blue". Hapana. Mamlaka ya hali ya hewa ilishatangaza, redioni kila saa ni hilo hilo, Mtwara watu wakaambiwa wakae sehemu salama, mwishowe kikaingia Cabo Delgado kwa wenzetu Msumbiji. Wingu lilikuwepo, tena lilitangazwa. Hidaya ya Mei 2024 vile vile.

Korosho za 2018 ndo mfano ninaoupenda zaidi kwasababu una vyote viwili ndani yake. Mnakumbuka wakulima walikataa bei mnadani, mvutano ukaenda wiki kadhaa, alafu Novemba serikali ikasema itanunua yenyewe kilo shilingi 3,300 na jeshi ndo litasomba mzigo. Ugomvi wa bei kila mtu alikuwa anauona, kwahiyo huo hauingii. Lakini mkulima wa Tandahimba aliyekuwa anasubiri mnunuzi, magari ya jeshi aliyawaza saa ngapi? Kwahiyo unaandika hivi: "The quarrel over prices did not come out of the blue, but the army trucks did." Mtoto akiielewa hiyo sentensi moja basi kaielewa nahau yote.

Kuipanga kwenye sentensi sio kazi. Mara nyingi inakaa mwisho, "She called me out of the blue", au unaianzisha mbele na unaweka mkato, "Out of the blue, she called me". Inapendana sana na "come", kwa mfano "The news came out of the blue", na ukitaka kukazia unatanguliza "completely". Usiidondoshe hiyo "the"! Sisi lugha yetu haina hicho kitu kwahiyo inatuponyoka kirahisi, tunaandika "out of blue", na mwalimu anakosesha, yuko sahihi. "A bolt from the blue" yenyewe ni jina la kitu, kwahiyo unasema "The news was a bolt from the blue" au "came as a bolt from the blue". Hii ina uzito, ni ya habari ya kushtua, mara nyingi mbaya. "Out of the blue" haichagui, ya heri na ya shari zote zinaingia. Na usiichanganye na "once in a blue moon", hiyo ni kitu cha nadra, hayahusiani kabisa. Kwenye barua ya kazi au ripoti ya ofisi weka "unexpectedly" tu.

Sasa jambo ambalo vitabuni sijaliona likielezwa vizuri. Sentensi nzuri ya hii nahau inaonyesha kwanza lile anga jeupe, yaani maisha yalivyokuwa yanaenda kawaida, ndo habari inapiga. Kaka yangu alivuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha Msumbiji, miaka minne hamna simu, hamna salamu, mama kashaacha hata kumuulizia. Siku hiyo naanika korosho nikaona simu inaita, namba inaanza na 258, nikapokea, kimya, alafu sauti ikaniita jina la utotoni ambalo aliyebaki kulijua ni yeye na mama tu. Ukiandika "My brother called me out of the blue" ni sahihi ila haina mwili. Andika "We had not heard from my brother for four years. I was drying cashew nuts when, out of the blue, he called." Hiyo miaka minne na hizo korosho ndo anga lenyewe, bila hivyo radi haina pa kupiga.

Nikamrudishia mpwa wangu daftari, nikamwambia tunga nyingine, ya kitu kilichokukuta kweli. Kakaa kimya, kalamu mdomoni, mi nimefika nusu ya gunia ndo akanisomea: "Last Sunday my mother came home from Masasi out of the blue. We had not cooked anything."

Nikamwambia mjomba, hiyo ya pili ndo inayoibeba ya kwanza, usiifute.