Somo: Marejeo ya kesi ya jinai Kenya, na pale mkono wa Mahakama Kuu unapokomea

Nimesoma barua nyingi za jamaa za wafungwa zinazomwomba jaji "atumie mamlaka yake ya asili" amtoe mtu gerezani. Uchungu wao naujua, na inaniuma kuona zikikwama kwa kuomba jambo ambalo jaji hana ruhusa ya kulitenda. Mamlaka ya asili ni akiba ya mahakama ya kutenda haki pale sheria iliponyamaza. Sheria ikishasema, akiba hiyo haiipindui. Na juu ya marejeo, yaani Mahakama Kuu kukagua uamuzi wa mahakama ya chini bila kusikiliza rufaa, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai (Sura ya 75) imesema mengi.

Hatua ya 1: Nani alitoa uamuzi? Kifungu cha 362 kinairuhusu Mahakama Kuu kuita faili la mahakama ya chini na kuangalia kama uamuzi, adhabu au amri ni sahihi na halali. Ni mahakama ya chini tu.

Hatua ya 2: Je, ulikuwa na haki ya kukata rufaa? Hapa ndipo wengi huanguka. Kifungu cha 364(5) kinasema aliyeweza kukata rufaa akakaa kimya haruhusiwi kuja na ombi la marejeo. Kwa hiyo kama malalamiko yako ni kwamba hakimu aliwaamini mashahidi waongo, hiyo ni rufaa. Usiivalishe nguo nyingine.

Hatua ya 3: Tafuta kosa linaloonekana kwenye faili lenyewe, bila kurudia ushahidi. Mfano ninaoupenda kufundishia ni siku za rumande. Kijana amekaa rumande miezi 14, kisha amefungwa miaka 3, na hakimu hakusema lolote juu ya ile miezi. Kifungu cha 333(2) kinataka muda huo uzingatiwe. Hapo jaji hahitaji kumsikiliza shahidi hata mmoja: anafungua faili, anaona tarehe ya kukamatwa na tarehe ya hukumu, anarekebisha. Andika tarehe hizo mbili juu kabisa ya barua.

Hatua ya 4: Pima hatari. Tafadhali msiiruke hii. Chini ya kifungu cha 364(1) jaji anaweza pia kuongeza adhabu. Kinga zipo: hawezi kutoa amri ya kumuumiza mshtakiwa kabla ya kumpa nafasi ya kujitetea, wala kupita adhabu ambayo hakimu mwenyewe angeweza kuitoa. Lakini ndani ya mipaka hiyo, miaka 3 inaweza kuwa 5.

Hatua ya 5: Peleka ombi kwenye masjala ya Mahakama Kuu. Usitaje kifungu cha 3A cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, kile kinachotaja mamlaka ya asili. Hicho ni cha kesi za madai.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Aliyenijeruhi aliachiliwa huru. Marejeo yanaweza kumtia hatiani?
Jibu: Pole sana, ndugu. Hapana. Kifungu cha 364(4) kimefunga mlango huo moja kwa moja. Nenda ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mapema, kwa sababu yeye ndiye mwenye haki ya kukata rufaa.

Swali: Mwalimu, rufaa ya kaka yangu ilitupwa na jaji wa Mahakama Kuu. Tumwandikie jaji mwingine?
Jibu: Hapana, dada. Ibara ya 165(6) ya Katiba ya 2010 inaipa Mahakama Kuu usimamizi wa mahakama za chini, si wa mahakama za ngazi ya juu, ambazo Mahakama Kuu yenyewe ni mojawapo, na majaji wake wana cheo sawa. Njia yenu ni Mahakama ya Rufani.

Swali: Siku 14 za rufaa zilipita mama akiwa mgonjwa. Sasa?
Jibu: Omba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, kifungu cha 349, na uambatishe karatasi za hospitali. Kama umehifadhi kadi ya kliniki yenye tarehe, itoe nakala leo.