Namna ya Kusoma Alama za Hali ya Sanduku katika Programu za Kampeni za Barua Pepe

Programu za kampeni za barua pepe kwa kawaida huorodhesha masanduku yako yote ya barua pepe (akaunti unazotumia kutuma) katika ukurasa mmoja, kila moja likiwa na kidoto cha rangi pembeni yake. Watumiaji wengi hukisoma kidoto hicho kama taa, kwamba kimewaka au kimezimika, ilhali kinajumlisha habari za mambo matatu yasiyotegemeana: iwapo programu inaweza kutuma kupitia sanduku hilo, iwapo inaweza kusoma majibu yanayoingia, na iwapo sanduku bado lina nafasi ya kutuma kwa siku hiyo. Kabla ya kubofya chochote, bainisha ni lipi kati ya hayo lililobadilisha rangi.

Maelezo hayo hupatikana ukiweka kishale juu ya alama au ukifungua mipangilio ya sanduku. Pale unapounganisha sanduku kwa kuandika anwani ya seva na nywila, kutuma hufanywa kwa itifaki ya SMTP, mara nyingi kwenye poti (namba ya mlango wa seva) 587 au 465, na kusoma hufanywa kwa IMAP kwenye poti 993. Njia hizi mbili huthibitishwa kila moja peke yake, kwa hiyo moja inaweza kukatika na nyingine ikaendelea kama kawaida.

Alama nyekundu yenye msimbo 535 (namba ya jibu kutoka kwa seva) maana yake seva imekataa jina la mtumiaji au nywila. Katika akaunti za Google zinazotumia nywila ya programu, yaani nywila ya pekee yenye herufi 16 inayotengenezwa ili programu ya nje iingie katika akaunti, chanzo cha kawaida ni kwamba mtu amebadilisha nywila kuu ya akaunti, jambo ambalo hufuta nywila zote za programu zilizokuwapo. Tengeneza mpya, iingize, kisha uunganishe sanduku lilelile upya. Usilifute ili uliongeze tena, kwa sababu mara nyingi kulifuta huliondoa katika kampeni zake zote, nawe utabaki kuzipanga upya moja baada ya nyingine.

Kukatika kwa IMAP huonekana jambo dogo, kwa kuwa barua zinaendelea kutoka, lakini binafsi nakuhesabu kuwa hatari kuliko kukatika kwa SMTP. Chukua mfano wa mpokeaji aliyejibu Jumatatu, "Asante, sihitaji huduma hii." Programu isiyoweza kusoma jibu lake haina sababu ya kumwondoa katika mlolongo wa barua za ufuatiliaji zinazotumwa zenyewe; Alhamisi atapokea ukumbusho, na wiki inayofuata mwingine, hadi achoke na kuiripoti anwani yako kuwa inatuma barua taka. SMTP ikikatika, kampeni husimama tu. Kwa sababu hiyo, ukiona hitilafu upande wa kusoma, simamisha kampeni kwanza ndipo utafute chanzo.

Njano kwa kawaida huashiria kikomo au tatizo la muda. Gmail ya bure huruhusu barua 500 kwa siku, na akaunti za Google Workspace zilizolipiwa huruhusu 2,000, na hesabu hiyo hufuata saa 24 zilizopita, haianzi upya usiku wa manane. Katika misimbo ya SMTP, inayoanza na 4, kama 421, ni ya muda na programu hujaribu tena yenyewe. Inayoanza na 5 hudai urekebishe kitu. Kuna hali moja inayopotosha: Gmail hutumia 550 5.4.5 kusema kwamba kikomo cha siku kimefikiwa, nayo huondoka yenyewe muda ukipita. Soma tarakimu zote kabla ya kuhangaika.

Kijivu hutofautiana kati ya programu na programu, ila mara nyingi ni sanduku ulilolisimamisha mwenyewe au ambalo halijapangiwa kampeni. Alama ya kuzoesha sanduku jipya, yaani kuliongezea barua kidogokidogo ili liaminike, ambayo mara nyingi huambatana na asilimia, ichukuliwe kwa tahadhari: hupimwa kwa barua zinazozunguka baina ya masanduku ya mtandao uleule wa kuzoesha, wala si kwa wapokeaji wako halisi.

Hata kijani kina mipaka yake. Kinathibitisha kwamba seva imekubali kuipokea barua kutoka kwako. Hakisemi kama ilifika kwenye kikasha au kwenye barua taka. Tangu Februari 2024, Google humtaka anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwenda akaunti za Gmail awe na SPF, DKIM na DMARC, yaani mipangilio inayothibitisha kwamba barua imetoka kweli kwa mwenye anwani, kwenye kikoa chake (sehemu ya anwani inayofuata alama ya @), na malalamiko ya barua taka yasifikie asilimia 0.3. Hata anayetuma chache afadhali aziweke zote tatu. Ili kukagua, jitumie barua kwenye akaunti ya Gmail iliyo nje ya kikoa chako, fungua maandishi yake asilia ("Show original"), kisha utazame kama neno PASS limeandikwa mbele ya kila moja.

Baada ya kuunganisha sanduku upya, usiamini rangi peke yake. Tuma barua moja kupitia kampeni ya majaribio, ijibu kutoka anwani nyingine, halafu usubiri dakika chache uone kama jibu limeonekana ndani ya programu na kama mlolongo umesimama kwa anwani hiyo. Likionekana na mlolongo ukasimama, rudisha kampeni halisi kazini.