Somo: Kupiga simu nyumbani Kenya ukiwa kazini Dubai bila kumaliza mshahara

Mwezi wangu wa kwanza Dubai nilikula karibu dirhamu mia mbili kwa simu peke yake. Nilikuwa mlinzi mgeni, nikitoka zamu napiga moja kwa moja namba ya mama kule Kaloleni. Mama naye hana simu fupi. Ataanza na salamu za kila mtu, aingie kwenye mbuzi aliyezaa, na kabla hajafika kwenye jambo aliloniitia, kredo imekwisha. Mwenzangu wa chumbani, Mganda, alikuwa akinicheka: "Unanunua habari za mbuzi kwa dirhamu?"

Siku hizi nazungumza na mama karibu kila siku na sijui mara ya mwisho nilinunua dakika za kimataifa ilikuwa lini. Njia yenyewe naiandika hapa kwa ajili ya wageni wanaoingia kambi za wafanyakazi za Al Quoz, Sonapur na Jebel Ali kila wiki.

Hatua ya 1: Anza na simu ya nyumbani

Kila anayeniuliza njia nafuu huuliza kuhusu laini ya huku: ninunue ipi, kifurushi gani. Swali hilo limekaa upande usio wake. Kama mzazi ana mulika mwizi, hakuna programu itakayokusaidia, utalipa kwa dakika mpaka mkataba uishe. Simu ya kugusa ya bei ya chini hujilipa ndani ya miezi michache kwa zile kredo ambazo hukuchoma.

Mpe mtu anayekwenda likizo aibebe, au ndugu yako achukue ya kulipa mdogo mdogo. Ila ukichagua ya mkopo, malipo yasikatike. Simu hizo hufungwa kwa mbali mtu akichelewa, na mzee atadhani ameiharibu yeye.

Kisha bando. Mzazi asiachiwe kazi ya kununua bando, maana akiwa na shilingi hamsini mkononi atanunua sukari, na ana haki. Mimi naliunganisha na pesa za matumizi: siku ninayotuma, mdogo wangu anakata kiasi tulichokubaliana na kununua bando kwenye namba ya mama. Kwa mtu anayetumia kidogo, chagua lile lisilo na mwisho wa muda. Safaricom wanayo ya aina hiyo tangu Oktoba 2019. Bando la siku ni la kijana, mzee atalikuta limekufa kabla hajalifungua.

Halafu kuna mwizi wa bando ambaye wengi hawamjui, naye ni kikundi cha WhatsApp cha kanisa. Video za kwaya, picha za mazishi, mahubiri ya dakika ishirini, vyote vinajipakua vyenyewe usiku. Bando la kwanza nililomnunulia mama lilikwisha kwa siku tatu na hatukuwa tumeongea hata mara moja. Mwambie kijana wa nyumbani aingie kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, azime upakuaji wa moja kwa moja wa picha, sauti na video. Azime pia programu kujisasisha kwa data ya simu. Hapo hapo amfundishe mama kupokea: simu nyingine hutaka uguse, nyingine uburute kidole. Wafanye mazoezi wakiwa wote hapo sebuleni, si siku unayompigia ukiwa na dakika kumi za mapumziko.

Hatua ya 2: Jua kinachopita na kisichopita

Emirati wanazuia simu za intaneti kwa programu zisizo na kibali cha mamlaka ya mawasiliano, TDRA. Kwa hiyo WhatsApp ya kuandikiana inapita, picha zinapita, ujumbe wa sauti unapita. Ukibonyeza kupiga ndipo utaona inaunganisha, inaunganisha, kisha kimya. Simu yako haijaharibika. Nimeona mtu amepeleka simu nzima kwa fundi Deira kwa sababu hiyo.

Zenye kibali ambazo wengi wetu tunazitumia ni BOTIM na GoChat kwa simu za kawaida, na Zoom, Microsoft Teams na Google Meet kwa mikutano. Hizi mbili za kwanza lazima ziwe pande zote mbili, yaani kwako na kwa mama. Kenya hakuna kizuizi, atapakua tu. Wazee wa zamani bado huniuliza Skype. Ilifungwa Mei 2025, isahau. Na ukisikia mtu anakusifia ToTok, ujue Google na Apple waliiondoa kwenye maduka yao Desemba 2019 baada ya habari kwamba ilitumika kupeleleza watu. Mimi siiweki kwenye simu yangu.

Hatua ya 3: Ujumbe wa sauti uwe chakula cha kila siku

Saa zetu na za nyumbani zinapishana kwa saa moja tu, Dubai iko mbele, lakini zamu ndiyo inayotutenganisha. Ukiingia saa kumi na mbili jioni ukatoka saa kumi na mbili asubuhi, nyumbani ni saa kumi na moja alfajiri, na wewe macho yanafumba. Simu hapo ni kugombana bure.

Mimi nikipanda basi la kampuni namtumia mama ujumbe wa sauti wa dakika mbili tatu. Akiwasha moto wa chai anausikiliza, anajibu, nami nauamkia mchana. Dakika moja haifiki MB moja. Mbuzi sasa anasimuliwa mpaka mwisho, na mkatizaji hayupo. Zaidi ya hayo sauti zinabaki. Nina ya marehemu babu akinikemea nirudi nioe, simu nimebadilisha mara mbili na bado ninayo.

Hatua ya 4: Simu ndefu iwe na siku yake

Kwa kikao cha familia, tuma kiungo cha Zoom au Meet kwa WhatsApp na kila mtu abonyeze. Zoom ya bure hukata kwenye dakika 40. Meet ya bure huwapa dakika 60 mkiwa watatu au zaidi, lakini mkiwa wawili tu mnaweza kukaa hata siku nzima. Sisi hutumia Zoom makusudi: dakika 40 zinamlazimu mjomba afupishe.

Kuhusu data, nilipima mwenyewe: dakika kumi za sauti zilikula MB 6 hivi, video ikala mara nyingi ya hapo. Ukikadiria hata MB moja kwa dakika, GB moja ni zaidi ya saa kumi na sita za kuongea. Basi washa video dakika mbili, muonane, muizime, muendelee kwa sauti. Waifai ya kambi usiku wa saa tatu kila mtu yumo na inasota. Jaribu saa kumi jioni au alfajiri. Ile ya bure ya madukani inafaa kwa kuongea, usiifungulie mambo ya benki.

Hatua ya 5: Weka akiba ya dharura

Dakika za kawaida za kimataifa zisikosekane kabisa, kwa sababu umeme hupotea nyumbani na msiba hausubiri mtandao. Kifurushi kidogo kinatosha. Angalia kama kina Kenya ndani, maana vingi vinavyotangazwa kwa herufi kubwa ni vya India, Pakistani na Ufilipino. Namba iandikwe +254 halafu uanze na 7 au 1, ile sifuri ya mwanzo iache. Laini yako ya Kenya nayo usiitupe, iweke kwa ajili ya ujumbe wa M-PESA, lakini zima data yake ya ng'ambo na usipokee simu juu yake. Kupokea ukiwa nje kunakukata wewe.

Maswali ya wanachama

Mlinzi wa Sharjah: Kaka, chumbani kwetu wote wanatumia VPN, zile programu za kuficha uko wapi mtandaoni, na wanapiga WhatsApp kama kawaida. Kwa nini hukuitaja?

Sikuisahau, ndugu yangu. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inasema anayetumia VPN kutenda kosa au kulificha anaweza kufungwa au kutozwa faini ya dirhamu 500,000 hadi milioni 2. Kampuni huzitumia kihalali kwa kazi zao, hilo ni jambo jingine. Labda wenzako wataendelea miaka bila kuguswa. Lakini mimi na mshahara huu siweki shingo yangu kwenye tarakimu hizo wakati BOTIM ipo. Na VPN ya bure nayo mwenye nayo anakula wapi? Kwenye taarifa zako.

Dada wa Abu Dhabi: Niko kazi za nyumbani. Simu napewa Ijumaa saa moja tu, na waifai ya tajiri sina. Nifanyeje?

Pole, dada. Hiyo saa moja igawe: kwanza sikiliza ujumbe wa sauti wa wiki nzima, ujibu, kisha upige. Wa nyumbani waambie wasikupigie siku nyingine, wakuwekee sauti tu. Nunua laini yako mwenyewe kwa kitambulisho chako cha Emirati, hata ya data kidogo, usitegemee waifai ya mtu. Kariri kichwani namba mbili za nyumbani, na uandike mahali namba ya ubalozi wa Kenya hapo Abu Dhabi. Ujue pia kuwa sheria ya wafanyakazi wa nyumbani ya 2022 inakupa siku ya mapumziko kila wiki. Siku nzima, dada yangu, si saa.

Mama wa Kisauni: Mwanangu, mimi niko huku nyumbani. Namba za nje hunibipu mara moja na kukata. Juzi mwingine akasema mtoto wangu ameshikwa Dubai nitume pesa. Nilikaribia kutuma.

Shikamoo mama. Hiyo ya kubipu usiirudishe. Wanataka upige wewe, ukatwe kwa bei ya juu ya kimataifa, nao wapate fungu lao. Kama ni mtoto wako atakuandikia. Hiyo ya kushikwa, mkubaliane neno la siri la familia, kitu ambacho mgeni hawezi kukijua. Sisi letu ni jina la ng'ombe aliyekufa zamani. Anayepiga asipolijua, kata simu, umtafute mtoto kwa namba yake mwenyewe.

Kijana wa Tanga: Somo hili linanifaa na sisi wa Tanzania? Na kaka yangu yuko Riyadh.

Linakufaa, ila badilisha 254 iwe 255 na bando uliite kifurushi. Saa ni zile zile za Kenya. Kaka yako hana kupishana kwa saa kabisa, Riyadh na Tanga ziko sawa. Saudia walilegeza kizuizi Septemba 2017 kwa programu zinazotimiza masharti yao, kwa hiyo ajaribu aone ipi inapita kwake, asinakili orodha ya Dubai.

Msimamizi wa Jebel Ali: Mzee wangu ana miaka themanini, simu ya kugusa haitaki kabisa. Anasema inamtazama.

Usimlazimishe. Tafuta jirani au mjukuu mwenye simu, umtumie yeye bando dogo kila wiki kama ahsante, mpange saa, amfikie mzee na kuishika. Mtoto wa darasa la sita anafaa kuliko mtu mzima, hana haraka ya kwenda popote. Na usitarajie makubwa. Mama yangu huu ni mwaka wa nne wa video na mpaka leo huiweka simu sikioni. Naona hereni na kipande cha leso. Nilikuwa nikimrekebisha, nimeacha.